Mkono wa Mgeni na Haki ya Mtumishi

Katika tarafa ya Sale, Wilaya ya Ngorongoro, kati ya mlima Oldonyo Lengai na magadi meupe ya Ziwa Natron, kuna kijiji kiitwacho Engaresero, ambako wageni watakao kuupanda mlima huamshwa usiku wa manane, wakapewa chai na kurunzi, wakaanza kukwea gizani nyuma ya vijana wa kijiji, kwa kuwa jua la bonde lile likishapanda halina huruma, na majivu ya volkano yaliyoufunika mlima hayaoti mti wa kumpa msafiri kivuli. Asubuhi moja nilikuwa nimeketi kambini chini ya mgunga nikiwatazama wakirudi, nyuso zimepauka kwa vumbi na magoti yakitetemeka. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima mwenye adabu, ambaye kijana aliyemwongoza alikuwa amemshika mkono karibu njia nzima ya kuteremka. Mama yule alitoa bahasha mkobani, akaishika mbele ya kifua chake, akamwuliza kijana kwa Kiingereza kama bakshishi ilikuwa imekwisha kuingizwa katika malipo. Kijana, ambaye Kiingereza chake kilitosha kutaja ndege, mawe na hatari za njia, alidhani anaulizwa habari za maji ya kunywa na kifungua kinywa. Akajibu kwa bashasha kwamba ndiyo, vyote vimo. Mama akatabasamu, akamshukuru, akairudisha bahasha mahali pake, akaingia garini.

Jioni kijana alikuja kunijulia hali. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu, keti." Nikamweleza alilokuwa ameulizwa. Alinyamaza kitambo, akichora mchangani kwa ncha ya fimbo yake, kisha akaniuliza, "Mzee wangu, kwani bakshishi huingizwa wapi?"

Sikuwa na jibu fupi la kumpa, na ndiyo sababu ya makala haya. Usiku uliotangulia, wakati wa chakula, mama yule alikuwa amenisimulia safari zake nyingi za baharini katika meli kubwa za matembezi, na kwa masimulizi hayo nilifahamu kwamba hakuwa mchoyo hata kidogo. Alikuwa amezoea tu ulimwengu ambao bakshishi haitoki mkononi mwa mgeni bali huandikwa na karani katika hesabu yake kila siku, apende asipende, mpaka hukoma kuifikiri. Ulimwengu huo unazidi kutusogelea. Meli za aina hiyo hutia nanga pwani yetu. Januari 2024 Norwegian Dawn, yenye nafasi ya abiria zaidi ya elfu mbili, ilifika Mombasa, na baadhi ya wasafiri wa namna hiyo wakishashuka hupanda ndege kwenda kutazama wanyama, wakaja Karatu, Ngorongoro na hata Sale, pamoja na desturi walizozizoea majini. Basi inatupasa tuielewe desturi hiyo, asili yake, faida yake na hatari yake, kabla haijatukuta tumelala.

Zamani, katika merikebu za abiria, mtumishi wa chumba na mtumishi wa meza walijua kwamba malipo yao ya kweli yangeonekana usiku wa mwisho wa safari. Abiria alitia fedha katika bahasha ndogo, moja ya huyu na moja ya yule, akazigawa kwa mkono wake. Na wapo waliojifungia vyumbani usiku huo, au walioacha kwenda kula, ili wasikutane na macho ya waliowahudumia. Siku hizi makampuni mengi ya meli hizo yameiondoa bahasha. Kila abiria, mtoto kwa mkubwa, hutozwa kiasi maalumu kwa kila siku, ambacho katika miaka ya karibuni kwa makampuni makubwa ya Marekani kimekuwa aghalabu baina ya dola 16 na dola 20, na wakaao katika vyumba vya fahari hutozwa zaidi. Hesabu yake si ndogo: baba, mama na watoto wawili wakisafiri siku 7 kwa dola 18 kila mtu, watalipa dola 504 juu ya nauli, na wakinunua kinywaji, bei yake nayo huongezewa asilimia 18 au 20 kwa jina hilohilo la huduma. Makampuni mengi huruhusu abiria aende kwa karani wa wageni akaomba kiasi hicho kipunguzwe au kifutwe, lakini ni wachache wenye ujasiri wa kusimama mbele ya watu na kusema kwamba hawataki kuwalipa wanaowatandikia vitanda.

Wapo wenye hoja njema ya kuitetea desturi hii, na insafu yataka isikilizwe. Meli ni mji. Mgeni humwona anayemletea sahani, lakini hamwoni anayeiosha sahani hiyo tumboni mwa meli mahali pasipo dirisha. Humjua anayekunja shuka, lakini hamjui anayezifua. Bahasha humfikia aliye machoni, na aliye gizani huambulia patupu, ingawa jasho lao ni moja. Ada inayotozwa kwa wote na kugawiwa wote huweza kumfikia na huyo wa gizani. Aidha, huwaokoa wageni wasiozijua desturi za kigeni na wasiwasi wa kutoa kingi au kidogo, na humpa mtumishi kipato kinachotabirika, asiishi kwa kubahatisha sura za watu.

Lakini upo upande wa pili. Meli nyingi za namna hii hupeperusha bendera za Bahama, Panama au Malta, na watumishi wake hutoka Ufilipino, India, Indonesia na kwingineko, wakiwamo vijana wetu wa Afrika Mashariki, wakifunga mikataba ya miezi mingi wakifanya kazi siku zote saba za juma. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao ulianza kutumika Agosti 2013 na ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, umeweka sharti kwamba baharia asipate chini ya saa 10 za mapumziko katika kila saa 24, wala chini ya saa 77 katika siku 7. Sheria hiyo ni kinga kubwa. Hata hivyo haimwambii abiria ni senti ngapi katika dola zake 18 zilizomfikia mwosha sahani, wala kama fedha hiyo ni nyongeza juu ya mshahara au ndiyo mshahara wenyewe uliovishwa kanzu ya hisani. Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mwajiri akiahidi ujira fulani, kisha akaujaza ujira huo kwa fedha iliyotozwa mgeni kwa jina la bakshishi, mgeni hakumzidishia mtumishi kitu. Amemsaidia mwajiri kulipa deni lake.

Wamarekani, ambao wameishi na jambo hili kuliko wengi, wameona haja ya kuyatenga maneno mawili yanayochanganywa. Mwaka 2012 idara yao ya kodi ilitoa uamuzi unaofafanua kwamba malipo huitwa bakshishi pale tu mgeni anapotoa bila kulazimishwa, anapoamua mwenyewe kiasi, kiasi hicho kisipokuwa kimepangwa na mwajiri wala kwa mapatano naye, na kwa kawaida mgeni anapokuwa na haki ya kuamua nani apokee. Likikosekana moja katika hayo pana shaka, na kiasi kilichokwisha kuandikwa katika hati ya malipo ni ada ya huduma. Ada ya huduma ni mali ya mwajiri mpaka aigawe, na akiigawa huhesabiwa kuwa mshahara. Msomaji aone tofauti hii jinsi ilivyo nzito: bakshishi ikishatoka mkononi mwa mgeni ni ya mtumishi, ada ya huduma ikishatoka mkononi mwa mgeni bado haijawa ya mtumishi.

Maneno yetu wenyewe yangeweza kutufundisha hayo bila kungoja idara ya kodi ya ng'ambo. Neno bakshishi limetujia kutoka Kiajemi, katika shina lenye maana ya kutoa na kusamehe, nalo ndani yake lina uhuru: asiyekuwa huru kunyima hawezi kusifiwa kwa kutoa. Ujira, kwa upande wake, ni neno la Kiarabu lenye maana ya malipo ya kazi, na ndani yake mna haki: aliyefanya kazi hauombi, huudai, na katika mafundisho ya Mtume imeusiwa kwamba alipwe kabla jasho lake halijakauka. Kati ya mawili hayo liko neno la tatu, ada, ambalo watu wa pwani walilitumia kwa malipo yaliyowekwa na desturi. Katika harusi za Waswahili palikuwa na kifungua mlango, kiosha miguu, kipa mkono na mengineyo, kila moja lina jina lake, mpokeaji wake na wakati wake. Bwana arusi hakuambiwa alipe kiasi fulani kwa ajili ya huduma za harusi, pasina kujua ni za nani. Alijua hiki ni cha somo wa bibi arusi na hiki ni cha bibi arusi mwenyewe, na mbele ya mashahidi kila mkono ulipokea chake. Ada ile ilikuwa ya lazima, lakini haikuwa ya siri.

Na historia ya njia za misafara inatuonyesha jinsi neno jema linavyoweza kuharibika. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilikuwa na wapagazi waliobeba kila mmoja mzigo wa frasila mbili hivi, yaani karibu ratili 70, wakilipwa ujira wa mapatano na posho ya kila siku, na wakitazamia bakshishi mwisho wa safari iliyokwenda kwa salama. Humo njiani, hasa katika nchi ya Ugogo, wenye misafara walilipa hongo kwa watawala ili wapite na kuchota maji. Hongo wakati ule ilikuwa ushuru unaojulikana, uliojadiliwa hadharani kwa nguo na waya. Leo neno lilelile likitajwa watu huinamisha vichwa kwa aibu, kwa kuwa malipo yaliyokuwa ya hadhara yaligeuka kuwa ya chini ya meza. Kumbe kinachotenga haki na khiyana si kiasi cha fedha tu, bali mwanga unaoimulika fedha hiyo inapopita mkono hadi mkono.

Yawapasa watetezi wa bakshishi wakumbuke pia mambo yaliyotokea katika reli za Marekani. Kampuni ya Pullman, yenye mabehewa ya kulala, baada ya vita vya kukomesha utumwa iliajiri watu weusi, wengi wao waliokuwa watumwa jana yake, ikawapa mshahara mdogo kwa hoja kwamba abiria watawatunza. Watu hao waling'arisha viatu, wakatandika vitanda, wakaitikia majina yasiyo yao, wakicheka ili wapewe. Mwaka 1925 waliunda chama chao chini ya A. Philip Randolph, wakapigana miaka 12 mpaka mwaka 1937 kampuni ikakubali mkataba wa mshahara na saa za kazi. Walichokitaka kilikuwa kulipwa na mwajiri wao ujira unaotosha, ili tabasamu yao iwe yao. Hata hivyo mizizi ya desturi ile haijakauka: sheria kuu ya Marekani hata leo yamruhusu mwajiri kumlipa mtumishi apokeaye bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango kisichobadilika tangu mwaka 1991, maadamu bakshishi zake zinakijaza kima cha chini cha kawaida cha dola 7.25.

Sasa turudi kwetu, katika mji wa Karatu, ambao barabara ya lami iendayo lango la Ngorongoro imeugeuza kuwa kituo cha kulala wageni wa dunia nzima, na ambao huwavuta vijana kutoka vijiji vya Wairaqw vilivyo jirani na kutoka mbali, hadi Digodigo na Sale. Katika hoteli moja ya hapo niliruhusiwa kukaa chumba cha chakula cha wafanyakazi siku ya kufunguliwa sanduku la bakshishi. Ni sanduku la mbao lenye kufuli na mwanya juu, lililokaa mwezi mzima karibu na meza ya mapokezi. Karani alilimimina juu ya meza mbele ya wawakilishi wa kila idara: jikoni, vyumba, bustani, ulinzi. Zilitoka shilingi, dola na yuro; zilitoka sarafu za Ulaya ambazo duka la fedha halizipokei; ikatoka noti ya dola iliyochanika pembeni, na nyingine ya chapa ya zamani mno, ambazo wote waliziangalia kwa masikitiko kwa kuwa walijua hakuna wa kuzibadili. Kila mtu alikuwa na pointi zake kwa siku alizofanya kazi, zilizoandikwa katika daftari. Karani akajumlisha, akagawanya, akasoma majina kwa sauti. Mwosha vyombo, mama mnene mwenye mikono iliyonyauka kwa sabuni, aliitwa kama mpishi alivyoitwa, akatia sahihi, akaifunga fedha yake katika pindo la kanga. Hapakuwa na mnong'ono, kwa kuwa kila mtu aliiona meza.

Lakini si kila mahali meza huonekana. Nimeongea na vijana waliofanya kazi mahali ambapo sanduku hufunguliwa ofisini, mlango umefungwa, na mgawo hutoka bila maelezo. Ambapo sahani ikivunjika hukatwa katika bakshishi ya wote. Na ambapo kipato cha sanduku hutajwa siku ya kuajiriwa kana kwamba ni sehemu ya mshahara. Nimeongea na madereva waongoza watalii wasio na ajira ya kudumu, ambao huitwa wageni wanapojaa Julai na Agosti, wakaachwa masika yanaponyesha, na ambao mara nyingi bahasha ya siku ya mwisho, pale uwanja wa ndege, ndiyo ada ya shule ya watoto wao. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalipozifunga safari za ndege, bahasha hizo zilikoma kwa siku moja. Aliyekuwa na mshahara alibaki na hoja ya kumdai mwajiri. Aliyekuwa akiishi kwa bakshishi hakuwa na wa kumdai.

Liko jambo jingine lisiloonekana upesi. Mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii hukatwa katika mshahara, jumla ya asilimia 20 ikihesabiwa sehemu ya mwajiri na ya mfanyakazi. Lakini bahasha haikatwi. Mtu aweza kufanya kazi miaka 30, akapokea kwa mikono ya wageni mara mbili ya mshahara wake, na siku ya kustaafu akahesabiwa kwa ule mshahara mdogo peke yake. Uzee wake hauna kumbukumbu ya hisani za watu.

Na hapahapa kwetu jina la huduma limekwisha kuwapotosha wageni wengi. Gari likiteremka katika bonde la kreta ya Ngorongoro hutozwa ada iitwayo ada ya huduma ya kreta, dola 250 kwa gari, na ikiongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hufika dola 295, mbali na kiingilio cha kila mtu. Fedha hiyo ni ya Mamlaka ya Hifadhi, kwa ajili ya uhifadhi na shughuli zake, na ni halali yake. Lakini mgeni aliyezoea meli, akiona katika karatasi neno huduma na kiasi kikubwa namna hiyo, hudhani dereva aliyemwamsha alfajiri na kumtafutia faru katika ukungu amekwisha kupata fungu lake humo. Dereva hajapata humo hata senti. Neno moja tu, lisilofafanuliwa, laweza kuufunga mkono uliokuwa unafunguka, kama lilivyoufunga mkono wa mama yule wa Engaresero.

Je, dawa yake nini? Mataifa yamejaribu njia mbalimbali. Wafaransa tangu mwaka 1987 wamelazimisha bei inayoonyeshwa katika mikahawa iwe na huduma ndani yake, ili anachokiona mteja ndicho atakacholipa, na atakachoacha mezani zaidi ya hapo kiwe hisani yake ya kweli. Majirani zetu wa Kenya, katika sheria yao ya kodi ya ongezeko la thamani ya mwaka 2013, walikubali kwamba ada ya huduma itozwayo na hoteli badala ya bakshishi isitozwe kodi, mradi isizidi asilimia 10 na igawiwe wafanyakazi moja kwa moja kwa mapatano yaliyoandikwa. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2023, ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024, inayomkataza mwajiri kujikatia chochote katika bakshishi na ada za huduma anazozisimamia, inayomtaka azigawe kwa insafu kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata, awe na utaratibu ulioandikwa na kumbukumbu ambazo mfanyakazi ana haki ya kuzidai. Na katika mlima wetu wa Kilimanjaro, mradi wa kuwasaidia wapagazi ulioanzishwa mwaka 2003 umekuwa ukiwafunza wapandaji kwamba bakshishi itajwe mbele ya kundi zima, na kila mpagazi apokee yake kwa mkono wake, isipitie kwa mkubwa wa safari kwa kuaminiana tu.

Njia hizo, ingawa zimetoka nchi mbalimbali, zina kauli moja: kilichotozwa kwa jina la mtumishi kimfikie mtumishi, na safari yake ionekane. Wala hatuhitaji kuvuka bahari ili tuijue kauli hiyo, maana katika tarafa hii ya Sale wapo Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Watemi, na ambao tangu enzi za mababu wamelima katika nchi kame kwa mifereji ya maji. Wazee wao wa maji, waitwao wenamiji, walikuwa na zamu zao za kwanza. Waliofuata walipata zamu zao kwa kutoa mbuzi kwa wazee hao. Na wasiokuwa na zamu waliomba, wakatoa chao, au wakalima kwa maji yaliyobaki. Sisemi kwamba utaratibu ule ulikuwa wa usawa, kwa kuwa mkubwa alitangulia na mnyonge alifuata. Nasema kwamba ulijulikana. Kila mtu alijua zamu yake ni lini, amelipa nini, na amemlipa nani, na maji yasipofika shambani kwake alijua njia ya kuufuata mfereji kwenda juu mpaka mahali yalipochepushwa. Kadhalika Samunge, kijiji cha tarafa hiihii, mwaka 2011, maelfu ya watu walipokwenda kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile kutafuta kikombe chake cha dawa, bei ilikuwa shilingi 500 kwa waziri na kwa mkulima. Jambo la dawa ile ni la wataalamu wa tiba, lakini bei ile moja, iliyotajwa kwa wote, hakuna aliyeisahau.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, nami nayatoa kwa wenye hoteli, wenye makampuni ya safari, viongozi wa vijiji, na wageni pia. Ujira uwe ujira: mwajiri alipe kima cha chini na zaidi yake kutoka katika bei ya huduma anayoiuza, na sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 pamoja na amri za mishahara zimemwekea msingi huo; asiseme kwamba mgeni atamalizia. Ada ya huduma, palipoamuliwa itozwe, iandikwe kwa jina lake, igawiwe yote, kwa daftari wanalolifungua wafanyakazi na chama chao, na ihesabiwe katika akiba ya uzeeni. Bakshishi nayo iachwe iwe bakshishi, yaani neema ya moyo ulioguswa, isiyodaiwa, isiyopangiwa kiasi, isiyokatwa na mtu wa kati. Wanaosema kwamba mtumishi asiyengoja bakshishi atakuwa mvivu wanamdhania mwanadamu vibaya. Kijana wa Engaresero hakumshika mama yule mkono akiihesabu bahasha, ambayo hata hakujua kwamba ipo. Alimshika kwa kuwa njia ilikuwa mbaya na mama alikuwa mgeni wake.

Nilikaa siku mbili zaidi kijijini. Asubuhi ya pili kijana alinijia na kipande cha ubao alichokiomba kwa fundi, akanitaka nimsaidie kuandika. Tukaandika Kiswahili juu na Kiingereza chini, herufi kubwa za rangi ya makaa: kiingilio cha kijiji, cha nani, malipo ya mwongozaji, ya nani, chakula na maji, vimo, bakshishi, haimo, nayo si lazima. Aliusoma ubao mstari kwa mstari akifuata kwa kidole, akasimama katika ule wa mwisho, akaniuliza kama maneno "si lazima" hayatamharibia. Nikamwambia ayaache, kwa kuwa bila hayo atakachopewa hakitakuwa zawadi. Alifikiri kidogo, akachukua jiwe, akaupigilia ubao katika nguzo ya lango, mahali ambapo kila anayeshuka mlimani hana budi kupita.